Tahasusi ya dini imekuja, ila ustadhi wa Igombe bado anasubiri giza la mwezi

Tangu serikali itangaze tahasusi 65, yaani michepuo ya masomo matatu matatu, za kidato cha tano na sita mwezi Machi 2024, na mle ndani kukawa na kundi zima linaitwa elimu ya dini, huku kwetu Mwanza hiyo stori haijalala. Inatulia kidogo halafu matokeo ya form four yakitoka inaamka tena. Baada ya swala ya Ijumaa utamsikia mzee anasema alhamdulillah, sasa dini imeingia shule rasmi, tumeshinda, ukitoka hapo ukapanda daladala ya Igoma unamkuta jamaa mwingine anasema hawa wanapoteza vijana tu, mtoto asome dini mpaka form six halafu aajiriwe na nani. Nimewasikiliza wote na kiukweli naona wanabishana kuhusu kitu kidogo. Kilichobadilisha jamii ya Waislamu kwenye hii kanda kwa miaka mia na zaidi siyo somo lililoandikwa kwenye ratiba ya shule, ni yule mtu anayekaa kwenye mkeka na watoto kuanzia saa kumi jioni, na huyo mtu mpaka leo hana mshahara, hana mkataba, hana bima, hana kitu. Ukitaka kujua elimu ya Kiislamu itabadilisha nini hapa ziwani miaka ishirini ijayo, usiulize Dodoma wameandika nini, uliza ustadhi wa madrasa ya Igombe, huku ufukweni kwa wavuvi, leo amekula nini.

Kwanza tuweke sawa kitu kimoja maana mtaani kinachanganywa sana. Dini haijaingia shule mwaka 2024. Elimu ya Dini ya Kiislamu, wenyewe tunaiita EDK, watoto wamekuwa wakiifanyia mtihani wa taifa wa form four miaka mingi tu, na form six pia ilikuwepo, wengi mtakumbuka 2012 matokeo yake yalizua kelele nchi nzima mpaka Baraza la Mitihani likayarekebisha. Kilichobadilika ni cheo cha somo. Kwa wanafunzi wengi EDK ilikuwa kitu cha kuongezea, kama kachumbari pembeni ya pilau, sasa inaweza kukaa katikati ya sahani, mtoto akaibeba na masomo mengine mawili ikamfikisha chuo kikuu. Sawa, ni jambo zuri, sina ugomvi nalo. Ila huyo mtoto anatoka wapi? Mtu haamki tu form five akaanza fiqhi, yaani sheria za dini. Lazima awe ameshaijua alif na ba, ameshapita juzuu amma, ana Kiarabu cha kuombea maji, sira, yaani maisha ya Mtume, anaifahamu, na huo msingi haupatikani kwa kipindi kimoja au viwili kwa wiki kwenye shule ya kata ambako mara nyingi mwalimu wa dini ni kijana wa kujitolea aliyetumwa na msikiti wa jirani, na siku akipata kibarua cha kubeba dagaa haji. Msingi unapatikana madrasa. Tahasusi ni mdomo wa mto, chemchemi yenyewe iko Igombe, Kayenze, Mabatini, Igogo, kwenye vibanda vya mabati ambavyo hata havimo kwenye ramani ya mtu yeyote.

Na huku kwetu chuo, yaani madrasa ya Qurani, kilitangulia shule, hili wengi hawalijui. Stanley alipofika Kageye, huku Ghuba ya Speke, mwanzoni mwa 1875 na mashua yake ya vipande vipande, aliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili wameshaweka kambi. Walifuata pembe za ndovu na watumwa, hapo tusipake rangi, dini ililetwa na watu ambao mikono yao haikuwa misafi. Mapadri wa White Fathers walifungua misheni yao Bukumbi mwaka 1883. Kwa hiyo mashindano ya nani anamfundisha mtoto wa ziwani kusoma yana zaidi ya miaka 140. Wajerumani wenyewe walipoanza kutawala waliandikiana na maakida, yaani watawala wadogo waliowaweka, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwa sababu hao ndo walikuwa watu wanaojua kusoma na kuandika. Baadaye serikali ikahamia herufi za Kirumi, na hapo mtu aliyekuwa msomi jana akaamka leo hajui kusoma. Sijui kama kuna pigo lilitukuta kimyakimya kama hilo, na hakuna hata mtu anayelipigia kelele maana halikuwa na siku yake, halikuwa na tamko, herufi zilihama tu.

Lakini ukiangalia chuo chenyewe kilichofanya kwa watu, ndo utaelewa ninaposema mabadiliko ya jamii namaanisha nini. Mfano mzuri uko pwani ila asili yake ni huku bara, Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyefariki 1931. Alitolewa Kongo akiwa mtumwa, mtoto, akakulia kwenye nyumba ya bwana wake Bagamoyo, akasoma, akasoma tena, mpaka akawa kiongozi wa twarika ya Qadiria na mji ule ule uliomjua kama mtumwa ukawa unamfuata nyuma kwenye dhikri. Niambie ni cheti gani cha serikali ya wakati ule kingemfanyia hivyo. Mkeka hauulizi baba yako nani. Hiyo ndo kazi ya madrasa kubwa kuliko hata kuhifadhi, inampa mtu asiye na ukoo wala mali sababu ya kuheshimiwa, na kwenye mialo ya ziwa hili, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, ambako nusu ya watu wametoka mbali na hakuna anayemjua babu yako, hiyo siyo kitu kidogo.

Sasa twende kwenye hoja, na naanza na ya ndugu zangu maana ndo nimekua nayo. Hoja ni kwamba tumenyimwa. Waingereza kwenye sheria ya elimu ya 1927 waliweka ruzuku kwa shule zilizotimiza masharti yao, sehemu kubwa ikaenda kwa wamisheni, chuo cha Qurani kikabaki nje. Jumuiya ya East African Muslim Welfare Society iliyoanzishwa 1945 na Aga Khan, Sultan Mohamed Shah, ambayo ilijenga misikiti na shule Afrika Mashariki nzima, ikapigwa marufuku hapa kwetu 1968 na BAKWATA, lile Baraza Kuu la Waislamu, ikazaliwa mwaka huo huo. Halafu 1992 serikali ikasaini makubaliano na makanisa kuhusu huduma za elimu na afya, Waislamu wakabaki wanaangalia. Haya yote yametokea, anayesema ni ngano hajasoma. Mi siyakatai hata moja. Ninachokataa ni pale yanapogeuzwa kuwa jibu la kila swali, ukiuliza mbona madrasa ya mtaa wenu haina choo unajibiwa 1968.

Angalia Bugando pale juu ya kilima, kila mtu Mwanza anaiona akiinua kichwa. Kanisa Katoliki liliijenga, ikafunguliwa 1971, mwaka uliofuata serikali ikaichukua, ikakaa nayo mpaka 1985 ndo ikarudishwa. Na shule zao zilitaifishwa kipindi kile cha 1969 na 1970 pamoja na za kwetu, tena zao zilikuwa nyingi kuliko zetu. Kwa hiyo kunyang'anywa walinyang'anywa. Ila waliponyang'anywa majengo, watu wao walibaki, na watu wao walikuwa wanakula. Hilo ndo linalosahaulika. Padri na sista wana shirika linalowalisha, wana nyumba, wakiugua wanatibiwa, wakizeeka wana pa kukaa, kwa hiyo sista anaingia darasani hawazi kodi ya chumba. Kile chuo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi kilichoanza 1960 kiliweza kukaa kinasubiri mpaka 1998 kikawa SAUT, chuo kikuu cha Mtakatifu Augustino. Sisi chuo kikuu chetu kilianza Morogoro 2005 kwenye majengo yaliyokuwa ya TANESCO ambayo rais Mkapa alitupatia, na bado mpaka leo mtu anayepeleka watoto kwenye mlango wa chuo hicho, yaani ustadhi wa chini kabisa, analishwa na bahati. Tofauti ya majengo inaonekana hata kwenye picha. Ile ya nani analala ameshiba hakuna anayeipiga picha.

Upande wa pili kuna hoja ya yule jamaa wa daladala. Anasema madrasa ndo imewarudisha nyuma watoto wa Kiislamu, muda wa hesabu unaenda kwenye kukariri. Hii hoja mi naona ndo dhaifu kuliko zote na inashangaza inavyorudiwa na watu wenye digrii. Kama dini darasani inarudisha mtoto nyuma, seminari za Kikatoliki zingekuwa zinaburuza mkia matokeo yakitoka. Seminari ya Nyegezi iko hapa hapa, hakuna mzazi Mwanza anaisikia akafikiria watoto waliofeli. Mtoto wa seminari anaamka na sala, analala na sala, na katikati anapiga fizikia. Kinachomtofautisha na mtoto wa mwaloni siyo wingi wa dini, ni kwamba mwalimu yupo, kitabu kipo na chakula kipo. Na halafu hebu tuwe wakweli kuhusu huo muda unaodaiwa kuibiwa. Saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni mtoto wa kambini asipokuwa madrasa hayuko kwenye tuisheni, yuko anageuza dagaa kwenye mchanga au anachota maji kwenye mitumbwi kwa mia mbili. Tuisheni ni ya watoto wa Nyegezi Kona na Bwiru. Mtu wa mjini anapiga hesabu ya muda wa mtoto wake halafu anampa mtoto wa mwingine.

Wakisema madrasa nyingi zinafundisha vibaya, hapo nitakaa kimya nisikilize. Kuna fimbo isiyo na kipimo, kuna mtoto anaimba juzuu nzima na ukimuuliza maana ya neno moja anakutolea macho, kuna watoto 70 kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili na rika zote zimechanganywa. Hayo nimeyaona. Lakini hata hapo ukichimba unarudi pale pale. Ustadhi anayefundisha vizuri, aliyekaa Tanga au Zanzibar miaka minne akarudi na elimu, anadumu mwaloni miezi sita halafu anahamia mjini kuuza simu, anayebaki ni yule ambaye hana pengine pa kwenda. Halafu tunakaa kushangaa kiwango. Na asije mtu kunirushia asilimia za Waislamu wangapi wamesoma na wangapi hawajasoma, sensa ya nchi hii haijauliza dini ya mtu tangu 1967, kila mwenye namba kaipika mwenyewe.

Hoja inayoumiza zaidi hata haitoki nje, iko kwetu, na inasemwa na watu wazuri kabisa: ustadhi afundishe kwa ajili ya Allah, akilipwa ikhlasi, ile nia safi, inaondoka. Nimeisikia kwenye vikao vya msikiti mara nyingi sana na kila mara inasemwa na mtu ambaye yeye mwenyewe ana duka. Fiqhi yenyewe haiko hivyo. Wanazuoni wa mwanzo wa Kihanafi kweli walikataza ujira wa kufundisha Qurani, ila waliokuja baadaye kwenye madhehebu hiyo hiyo wakaruhusu, na sababu waliyoitoa ni kwamba posho za hazina ya dola zilikatika na watu wakaanza kuacha kufundisha. Yaani waliliona tatizo la Igombe wakiwa Balkh huko karne nyingi zilizopita. Sisi huku wengi ni Mashafi na kwa Mashafi ruhusa ipo wazi, na kuna ile hadithi ya Ibn Abbas kwenye Bukhari kwamba kitu chenye haki zaidi ya kuchukuliwa ujira ni Kitabu cha Allah. Imamu Ghazali mwenyewe, Mshafi mwenzetu, alipewa kiti cha kufundisha Nidhamiyya ya Baghdad mwaka 1091, chuo kilichoendeshwa kwa wakfu, yaani mali iliyotengwa moja kwa moja kwa ajili ya dini, mwalimu ana posho. Najua mtu atanirukia, atasema mbona Ghazali aliacha ile kazi 1095 akihofia nia yake. Aliacha ndiyo. Ila malizieni kusoma, kwenye maelezo aliyoyaandika mwenyewe anasema aligawa mali yake akabakiza ya kuwatosha watoto, na akasema mali ya wakfu ya Iraq hakuna mali bora kuliko hiyo kwa mwanachuoni kuwachukulia watoto wake. Kwa hiyo hata mtu aliyekimbia cheo kwa kumuogopa Mungu alihakikisha kwanza watoto wanakula. Huyu wetu tunamtaka aipe dunia mgongo kuliko Ghazali na bado asitukope sukari.

Mwaka jana nilikaa siku tatu Igombe kwa shughuli zangu nikawa naswali pale karibu na mwalo. Ustadhi mmoja akanionyesha daftari lake la michango, nikaanza kulifungua nikaona kitu cha ajabu kidogo, kurasa zinajaa halafu zinakuwa tupu, zinajaa, zinakuwa tupu, kama mtu anapumua. Nikamuuliza akacheka, akasema sheikh wangu hiyo ni mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, wanafuata taa, mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi na mitumbwi inapumzika juu ya mchanga, na wavuvi wasipoingia ziwani hakuna mwenye mia tano ya kumpa mtoto apeleke madrasa. Tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, zile siku nyeupe ambazo ni sunna kufunga, ndo siku daftari lake lina sifuri. Akasema kwa hiyo mimi zile funga sijawahi kuzikosa, nafunga kwa sunna na nafunga kwa kukosa. Alikuwa anatania, lakini wakati anatania mke wake alikuwa anaanika dagaa za mtu mwingine kwa kibarua pale nyuma. Na darasani kwake waliokuwa wamefika mbali kwenye msahafu walikuwa wasichana karibu wote, kwa sababu mvulana akishafika miaka kumi na mbili kumi na tatu anaingia mtumbwini. Huyo msichana wa miaka kumi na tano anayewasomesha wadogo alif na ba pale ustadhi akienda kutafuta kibarua ndo mwalimu wa kesho wa ule mwalo, hakuna aliyempanga, na hakuna tahasusi inayomjua.

Hapa ndo watu wanapokosea kufikiri kwamba jambo hili halijawahi kufanyika popote hivyo tusubiri serikali. Ng'ambo tu ya ziwa hili, Uganda, wakati ukimwi umeshika watu wa ziwani, chama cha madaktari wa Kiislamu cha kule kilianza mwaka 1992 kuwapa maimamu mafunzo kwenye wilaya za Mpigi na Iganga, baadaye wakaingiza somo lenyewe kwenye madrasa za watoto. Waligundua kitu ambacho huku bado tunabishania, kwamba mtu wa mwaloni hamsikilizi mtu wa semina anayeshuka na gari jeupe, anamsikiliza yule aliyemzikia baba yake. Na Kampala, Prince Badru Kakungulu alitoa ardhi Kibuli, leo pale kilimani kuna msikiti na shule, na hiyo ardhi iko pale haihitaji kuchangisha kila Ijumaa. Kule Mombasa katikati ya miaka ya 1980 Bi Swafiya Said alianza na Aga Khan Foundation shule za awali ndani ya madrasa, mtoto anajifunza Qurani na kuhesabu na michezo mahali pamoja na mwalimu ni mwanamke wa mtaa huo huo aliyepewa mafunzo, baadaye ikaenda Zanzibar na Uganda. Watu wengi wanaisifia ile kwa ubunifu wa ufundishaji. Mi kilichonivutia ni kitu kingine ambacho hakisemwi, walizipa jumuiya mfuko mdogo uliowekezwa, mtaji wenyewe hauguswi, inaliwa faida tu. Kwa lugha ya zamani huo ni wakfu, wamebadilisha jina tu.

Na wakfu siyo neno geni huku, tumelisahau tu. Zanzibar wana kamisheni kabisa ya wakfu na mali ya amana, kule kodi ya nyumba ya marehemu fulani inalipa mafuta ya msikiti na posho ya mwalimu mpaka leo. Mwanza mjini wakfu upo ila umejificha kwenye fremu. Tembea mjini uhesabu misikiti yenye fremu za maduka kwenye ukuta wake, mtu anauza vitenge, mwingine spea za bodaboda, kodi inaingia kila mwezi hata kama mbalamwezi imewaka kama mchana. Hiyo hela inaenda wapi? Nayosikia kwenye vikao ni rangi, zulia jipya, spika. Spika! Msikiti una spika nne na bado wanataka ya tano, na ustadhi anayefundisha watoto wa mtaa huo anauza maji ya kopo kwenye stendi ya Buhongwa. Fremu moja tu ikitengwa kwa maandishi kwamba hii ni ya mwalimu, si ya rangi si ya zulia, yule ustadhi haondoki. Kwa mwaloni ambako hakuna fremu watu wameshaniambia wazo la kuweka wakfu wa mtumbwi au injini, fungu la usiku mmoja kwa wiki liende madrasa. Mashafi wanaruhusu wakfu wa kitu kinachohamishika, sina shida na fiqhi yake, nina shida na ziwa, mtumbwi unazama na unaibiwa. Bora wa mwaloni wapewe fremu ya mjini, msikiti wa mjini ulee madrasa moja ya Kayenze au ya Ukerewe.

Bila hivyo nitawaambia tahasusi itafanya nini, na hili ndo linaloniogopesha kuliko hoja za daladalani. Itatengeneza tabaka mbili. Juu watakuwa watoto wa wenye ada, walioko Nyasaka Islamic na Thaqaafa na shule nzuri kama hizo, watachukua ile tahasusi, watakwenda chuo kikuu, watakuwa walimu wa EDK wenye cheti na mshahara, na ni haki yao. Mshahara huo utawavuta mjini, na hata yule kijana mmoja wa Igombe atakayefanikiwa kupenya hatarudi Igombe, kwa sababu hakuna cha kurudia. Chini watabaki watoto 70 na mtu aliyekosa pa kwenda. Baada ya miaka kumi na tano tutakuwa na Waislamu wenye vyeti vya dini wasiojua dagaa anavuliwa usiku gani, na wavuvi ambao dini yao ni kanzu ya Iddi, na mtu akija na fitna yake mwaloni, ya kuchinja au ya chochote, kama ule ugomvi wa nani achinje nyama wa Buseresere, Geita, mwaka 2013 ulioondoka na roho ya mtu, hatakuwepo pale mtu mwenye elimu na heshima ya kuwaambia watu kaeni chini. Serikali inapenda kuongelea amani na viongozi wa dini kwenye mahoteli. Amani ya ziwani analinda mtu wa mkekani, na yuko stendi anauza maji.

Sasa kwa nini fremu hazitengwi, wakati karibu kila mzee niliyeongea naye anakubali? Ni hati. Misikiti mingi kiwanja kiko kwa jina la mtu aliyefariki, au la familia, au kuna kamati mbili na kila moja ina muhuri wake, na hakuna anayetaka kufungua hilo kabati maana akifungua ugomvi unaanza. Njia ipo, bodi ya wadhamini inasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na mali inaandikwa kwa jina la bodi, siyo la mwenyekiti. Kwa hiyo mi nasema kikao cha kwanza kisianze na kuchangisha, kianze na hiyo karatasi, nani wadhamini na fremu namba ngapi ni ya mwalimu. Na kisiitwe saa kumi jioni kama vikao vyote vya madrasa nilivyowahi kukaa, maana saa hizo ustadhi mwenyewe anayejadiliwa huwa hayumo, yuko uani anawasomesha watoto wetu.